Baba Yako Aliingia kwa Lango Lake

Riziki mwanangu,

Nina miaka sabini na tisa. Nimewapita kaka zangu wote, nimempita nyanya yako Nekesa, nimewapita machifu ambao siwahesabu tena, na nimempita yule askari wa reli aliyeapa mbele ya watu kwamba karakana yangu ataing'oa kando ya reli kabla hajastaafu. Alistaafu. Akafa. Mimi bado niko hapa Laini Saba, Nairobi, nagonga bati. Kwa hivyo mtu asikuambie huko uendako kwamba babu yako ni mzee aliyechanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa hawezi kukunja kona ya sanduku ikakaa hata maji yasipite.

Unajua sikusoma. Darasa la tatu liliniona mgongo. Kuandika nilijifunza kwa kupaka majina ya wanafunzi juu ya masanduku yao, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa hivi na karatasi zinaisha haraka. Lakini herufi hizi zimefika shule ambazo mimi nisingefunguliwa hata geti. Basi soma polepole, na palipoharibika usicheke. Na nikikuita mwanangu usiniambie wewe ni mjukuu. Nimekulea tangu ukiwa na miaka mitano. Hilo halina mjadala.

Mambo ya safari sitaandika. Mama yako amekuambia pesa uweke wapi na kwenye basi usikubali soda ya nani, amerudia mpaka nimechoka mimi ambaye siendi popote. Mimi nina jambo moja.

Juzi shangazi yako, yule dada wa baba yako aliyetutafuta mpaka akatupata, alipopiga simu kutoka Kigoma, ukaweka ile sauti ya kusikika na wote, mlidhani nimesinzia kwa kiti. Sikusinzia. Nilimsikia nyanya yako wa huko, mama wa baba yako, akiuliza na sauti imekwisha: "Mutoto yangu mulimutupa wapi?" Mama yako akatoka nje kuanua nguo, na kwa kamba hapakuwa na nguo.

Swali hilo ndilo linakupeleka Kigoma. Yule mama ni mgonjwa, anataka kushika damu ya mwanawe kabla hajafumba macho. Akikushika na huna la kumjibu, atakufa akijua mwanawe alifukiwa kama mgeni asiye na mtu. Na wewe utaishi na hilo. Mama yako akianza kulisimulia analia, hafiki popote. Wewe ulikuwa mdogo. Nimebaki mimi, na mimi sikosi la kusema.

Baba yako aliitwa Byamungu. Alitoka Uvira, nchi ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Vita ndivyo vilimtoa. Alifika Nairobi na shati moja, akapata kibanda Kawangware, pale Kongo, na usidhani mtaa ulipewa jina kwa ajili yake, aliukuta hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kupigia watu nguo pasi. Pasi ile ya makaa, nzito kama dhambi. Mama yako Nafula alikuwa anauza mboga soko la Kawangware, akampelekea gauni la kwaya. Wiki iliyofuata akapeleka gauni ambalo halikuwa na kunjo hata moja. Mimi nilipaswa kushtuka hapo.

Siku ya kwanza kuja kwangu alivaa suti. Kola ya shati ungeweza kukatia mkate. Nikasema moyoni, sawa, angalau ni msafi. Sasa, sisi Wabukusu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, mmoja akija huku mwingine anapita kule. Ndiyo heshima yenyewe. Hata aliyezaliwa Nairobi anaijua. Nyanya yako Nekesa akatoka jikoni na sinia ya chai, amejifunga leso mpaka shingoni, anataka aiweke mlangoni arudi. Baba yako akainuka kwa adabu zake zote, akamfuata, akamshika mabega, akamgusanisha kichwa. Kulia. Kushoto. Halafu paji kwa paji.

Vikombe vilianguka vyote. Nekesa alikimbilia kwa jirani na hakurudi mpaka jioni.

"Wewe kijana, umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimesalimia mama, Papa."

"Huyo si mama yako!"

"Mama ya bibi yangu, si ni mama?"

"Bibi gani? Nani amekupa bibi?"

Wafula, mtoto wa kaka yangu, alikuwa pale anakula mkate, ukampalia. Alipopata pumzi akasema, "Mzee, huyu ameanzia juu kabisa. Mpe tu msichana kabla hajasalimia mtaa mzima."

Nilimfukuza. Lakini kabla hajavuka mlango nilimweleza mila zetu, kwa sababu sipendi mtu aondoke kwangu mjinga. Nikamwambia, mama mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kumbe alielewa kupita kiasi. Jumapili iliyofuata alikuja kwa miguu kutoka Kawangware, akasimama ng'ambo ya reli, mbali kabisa, kwenye vibanda vya mitumba, akapiga kelele: "Mamaaa! Habari ya Jumapili!"

Nekesa akaficha uso kwa pazia. Nikamsikia anacheka.

Alifanya hivyo kila Jumapili, karibu mwaka. Watoto wa Laini Saba wakamzoea, wakimwona tu anatokea na ile suti wanapiga kelele kabla yake. Hajati Mastura, mwenye nyumba wangu, akija kuchukua kodi kutoka Makina alinisimamia pale karakana na kuniambia, "Wewe mzee kichwa ngumu, mpe kijana mke tupumzike masikio." Nikampa. Mambo ya ng'ombe tulimalizana yeye na mimi, hayo hayamhusu mtu mwingine.

Sasa nikuambie alivyokuwa mume, maana hilo mama yake atataka kulijua, na mimi nililiona kwa macho ingawa sikulipenda mwanzoni. Mama yako alitoka alfajiri kwenda kuchukua mboga. Baba yako alikuwa ameshaamka kabla yake, aproni yake ya sokoni imepigwa pasi na imetundikwa mlangoni. Aproni ya kuuzia sukuma wiki! Nilimwambia, Byamungu, hiyo ikifika saa mbili itakuwa na matope, unapoteza makaa. Akasema, "Papa, bibi yangu akisimama sokoni watu waone iko na mutu nyumbani."

Tangu siku hiyo niliacha kumhesabia makaa.

Wewe ulipozaliwa ndipo alinimaliza. Jumamosi moja, umeshaanza kutembea, nilienda Kongo kumwona, nikamkuta amekaa nje ya kibanda, wewe katikati ya magoti yake, anakusuka nywele. Mwanaume mzima! Mbele ya bodaboda wote! Nikasimama pale nikatafuta njia nyingine ya kupita, na njia ni moja. Vijana wa pikipiki walikuwa wanamtania: "Fundi, niaje, na mimi nisuke basi, niende harusi!" Yeye anacheka, mkono hauachi kazi. Akaniona nimenuna.

"Papa, karibu, kaa chini, baada ya mutoto ni wewe." Halafu akaangalia kichwa changu, unajua kilivyo. "Ah, pole. Kwako walishavuna."

Wale vijana walilala juu ya pikipiki zao kwa kicheko. Mimi nilikasirika mpaka Dagoretti Corner. Halafu nikafika mahali nikacheka peke yangu barabarani, watu wakanikwepa.

Kuna jambo la Nekesa. Ilikuwa mwezi wa mvua, Laini Saba yote ni tope, na kifua chake kilifunga ghafla asubuhi. Gari haliwezi kuingia kule kwetu, unajua. Mgongo wangu ulikuwa umeshaharibika na Wafula yuko kazini. Baba yako alikuwa amekuja kuchukua sufuria ya mama yako. Aliona midomo ya Nekesa imebadilika rangi. Akaingia hadi chumbani, mahali ambapo mkwe hakanyagi, akageuka, akachuchumaa mbele ya kitanda.

"Mama, panda."

Nekesa hata pumzi hana, lakini akasema, "Toka hapa. Wewe ni mkwe wangu."

"Leo mi si mukwe, Mama. Leo mi ni punda."

Alicheka, na kwa kucheka akakohoa, na kwa kukohoa akamwangukia mgongoni. Akambeba. Mimi nilitembea nyuma nikishika mwavuli ambao haukumfunika mtu. Walipita kwenye reli, watu wote wanaona, mama mkwe juu ya mgongo wa mkwe, na hakuna aliyecheka wala kusema neno. Aliokoka. Aliishi miaka mingine, akakubeba na wewe. Nilipomuuliza baadaye kama hakuona aibu, akaniambia, "Niliona. Lakini nilikuwa hai."

Baba yako ndiye alifuata kuugua, naye alikuwa kijana. Ini. Alificha. Alipiga pasi amesimama, akashindwa, akapiga pasi amekaa. Mpaka macho yakawa manjano ndipo mama yako alimburuta hospitali, na huko wakasema tumechelewa. Nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amekonda, lakini nguo ya hospitali ameikunja mikono vizuri kama shati la Jumapili. Akaniuliza, "Papa, mutu asiye na boma, huku kwenu munamuweka wapi?"

Nikasema, "Kwangu."

Akatabasamu. Mila zetu alikuwa amezijua kunishinda. "Kwako mi ni mukwe, Papa. Haiwezekani."

"Mimi nikisema inawezekana, inawezekana. Umewahi kuona nikishindwa?"

"Hapana," akasema. "Nimeona tu ukichelewa."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nimeyabeba, ni mazito kushinda ile pasi yake.

Alipofariki, watu walisema azikwe makaburi ya mjini, mambo yaishe. Nikakataa. Tukapeleka mwili nyumbani, Bungoma. Mimi na Wafula tulitangulia siku mbili, na juu ya basi nilipakia bati zangu zote. Ndiyo, zile za masanduku ya Januari. Mwaka ule wanafunzi walinunua kwa wengine.

Kijijini alinisubiri Makokha, mzee wa ukoo wetu. Wewe unamjua, yule wa kofia ya manyoya. Mimi na yeye hatujawahi kupatana tangu fahali wake alipokula mahindi yangu na akasema mahindi ndiyo yalimfuata fahali. Makokha akanikalisha mbele ya wazee.

"Wekesa, mkwe hazikwi kwenye boma la wakwe. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Na mwanaume aliyeoa hazikwi mahali ambapo hana nyumba yake."

"Nalijua pia."

"Sasa umemleta huyu mtu wapi?"

"Kwake," nikasema.

Nikaenda upande wa barabara, kwenye kipande nilichoachiwa na baba yangu mwenyewe, nikakipima kwa miguu nikakikata nje ya boma langu. Tukasimamisha ua katikati, mimi upande huu yeye upande ule, na tukafungua lango lake, linatazama barabara, si langu. Halafu tukajenga nyumba. Bati zangu ni fupi, za masanduku, kwa hivyo ilibidi nizipige ribiti za kuziunganisha, moja moja, kona nikazikunja kama ninavyojua. Wafula akarudi nyuma akaitazama, akasema, "Mzee, umemjengea sanduku." Nikamwambia ndiyo, na nionyeshe mahali panapovuja. Hapakuwepo.

Siku ya kwanza hakuna aliyekuja kutusaidia. Ya pili wanawake wakaanza kuleta udongo wa sakafu, bila kusema kitu, maana walikuwa wamesikia habari ya Nekesa kubebwa. Mama yako alipofika aliwasha moto ndani, akachemsha chai, akalala humo na wewe. Nyumba iliyowashwa moto na kulaliwa ni nyumba. Makokha hakuweza kupinga hilo. Lakini siku ya mazishi, jeneza lilipofika kwenye lango jipya, alisimama katikati akafungua mikono.

"Mwenye boma hili ni nani?"

"Ni Byamungu," nikasema.

"Byamungu yuko kwa jeneza. Mwanaume akirudishwa nyumbani anapokewa na wa kwake. Nani wa kwake yuko ndani?"

"Mimi nitampokea."

"Wewe ni mkwe wake, Wekesa. Wewe ndiwe mgeni hapa, umesema mwenyewe kwamba hapa si kwako. Na Nafula aliletwa na yeye, hawezi kumkaribisha aliyemleta. Wa damu yake ni nani?"

Watu wote wakanitazama. Mwanangu, mimi nimejibizana na askari, na machifu, na wenye nyumba, na sijawahi kukosa neno. Siku hiyo nilikosa. Ndugu zake wote walikuwa wametawanywa na vita, hatukujua hata mmoja aliko, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu miaka yote ile nilimweleza habari za masanduku yangu na sikumuuliza hata siku moja, mama yako yuko wapi. Nilidhani mtu asiyemtaja mama yake hana mama. Ningeuliza, tungemtafuta. Nyanya yako wa Kigoma angesimama pale langoni. Hilo mwambie pia, usilifiche. Mwambie ni mimi.

Tulipokuwa tumesimama hivyo, jeneza mabegani, wewe ulimwachilia mama yako mkono. Nywele zako zilikuwa bado zimesukwa ile mistari ya mwisho aliyokusuka kabla ya kulazwa, mama yako alikataa mtu azifumue. Ulipita chini ya mkono wa Makokha. Hakuna aliyekutuma. Uliingia ndani ya lango, ukageuka, ukasimama unatutazama. Ukasema yale uliyokuwa ukimwambia kila jioni Kongo akifunga kibanda:

"Papa, karibu. Maji iko."

Makokha alivua kofia yake. Sijawahi kumwona bila hiyo kofia kabla wala baada. Akasogea pembeni akawaambia wabebaji, "Mwenye boma amemkaribisha. Mpitisheni."

Basi ndilo hilo. Mwambie nyanya yako hivyo. Hakutupwa. Hakuzikwa kwa wakwe wala makaburi ya watu wasio na watu. Aliingia kwa lango lake, akapita mbele ya nyumba yake, akapokewa na mtoto wake. Ukifika usianze na maneno. Msogezee kichwa kwanza, kulia, kushoto, kisha paji. Nilikuwa na miaka hii yote ya kujifunza salamu hiyo na sikujifunza, nilikuwa nimeshughulika na heshima yangu.

Akikukasirikia, mwache. Ana haki. Usinitetee mimi, mimi najitetea vizuri. Yeye mwenyewe yuko Kigoma, si Uvira, na pengine anauliza ya mwanawe huku akijiuliza ya kwake, yeye atalazwa wapi. Kaa naye. Muulize alivyokuwa Byamungu akiwa mtoto, na nani alimfundisha kusuka nywele, maana mimi sikuuliza. Muulize angali anaweza kujibu.

Na wakikuambia ubaki huko, sitakuambia rudi. Najua mlidhani nitaandika hivyo. Ile nyumba ya Bungoma ni yako, si kwa sababu nimekupa. Ni kwa sababu siku hiyo wewe ndiye ulikuwa ndani na sisi wote tulikuwa nje. Mlango nimeupaka rangi mwezi uliopita, rangi ya buluu, ile nzuri.

Kama Kigoma watasema huyu ni mzee anajisifu, ukweli wanao watu. Kuna Wafula, alipiga ribiti na mimi, ingawa ataongeza utani. Kuna Hajati Mastura wa Makina, alisikia zile kelele za kila Jumapili na alimwona Nekesa akipita mgongoni kwa mkwe wake kwenye reli. Kuna mama yako, siku atakayoweza kuongea. Lakini hao wote wananipenda, na anayekupenda hafai sana kuwa shahidi. Kwa hivyo namba ya Makokha nimeipaka nyuma ya karatasi hii, kubwa, huwezi kuikosa. Nyanya yako ampigie mwenyewe. Kwanza atamwambia Wekesa ni mkaidi na mahindi yalimfuata fahali. Amwache amalize. Kisha amuulize mtoto alisema nini langoni, kwa sababu Makokha ndiye alikuwa karibu kabisa, na mtu huyo hajawahi kusema uongo kwa faida yangu.

Babu yako,
Wekesa, fundi wa masanduku